Breki Iliyopoa Haitoi Ushahidi

Barua ya wazi kwa wakaguzi wa magari wa Kikosi cha Usalama Barabarani, Mbeya na Iringa



Naielekeza barua hii kwenu kwa sababu ninyi ndio mnaolipitisha gari kabla halijapakia abiria, na ni ninyi hao hao mnaoitwa kulikagua likishalala mtaroni. Kati ya hatua hizo mbili kuna maneno ambayo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumeyasikia mpaka yamekosa uzito: breki zilifeli. Yalisemwa Julai 2018 baada ya msiba wa mteremko wa Iwambi, Mbalizi. Yalisemwa tena Juni 2024 pale Mbembela, Simike. Juni 2025 yakarudi kwenye mteremko wa barabara ya Mbeya kwenda Tunduma, na safari hiyo waliokufa walizidi 20. Maneno hayo yakishatamkwa, maswali huisha, kana kwamba breki ni kiumbe kilichofikiwa na siku yake na hakuna wa kumuuliza. Mimi nasema yupo wa kuulizwa. Katika magari yenye breki za mafuta, kufeli huko kuna njia inayojulikana na inayopimika, na huanza miezi mingi kabla gari halijaufikia mteremko. Tatizo ni kwamba ukaguzi unaofanyika gari likiwa limepoa hauwezi kuiona njia hiyo, si kabla ya ajali wala baada yake. Ndiyo maana naomba mbadili mnachokipima.

Najua mtanijibu mara moja kwamba misiba niliyoitaja ni ya malori, na malori makubwa hutumia breki za upepo. Ni kweli, na sidai hata kidogo kwamba mafuta ya breki ndiyo yaliyoua siku hizo. Breki za upepo zina kompresa yake, matangi yake na maradhi yake, na zinastahili barua yake. Lakini tazameni nani anabeba watu wetu kila siku. Ni Hiace za kutoka Uyole kwenda Tukuyu, Noah za vijijini, Coaster za Iringa na Mafinga, na Canter zinazopakia viazi Isongole huku wenye mzigo wamekaa juu ya magunia. Karibu yote hayo hushikwa na mafuta, na ndani ya mafuta upepo ni adui. Yapo pia malori ya kati ambayo upepo husukuma mafuta, kisha mafuta ndiyo yanayokwenda kwenye magurudumu. Mwenye lori la namna hiyo huangalia geji ya upepo kwenye dashibodi, akaona imejaa, akaridhika. Chupa ya mafuta ya breki hana habari nayo. Lugha yenyewe inatuchanganya, kwa sababu gereji zote za Mbeya na Iringa husema “kutoa upepo” wakimaanisha kuondoa hewa kwenye breki za mafuta, na dereva wa lori akisikia upepo anafikiria tangi. Nitatumia neno hilo kwa maana ya gereji.

Tuingie kwenye chombo chenyewe. Dereva akikanyaga pedeli, pistoni ya masta silinda husukuma mafuta, na kwa kuwa mafuta hayabonyei, msukumo hufika kwenye magurudumu yote manne papo hapo. Kanuni hiyo aliieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17 na haijabadilika. Hewa nayo hubonyea. Chukueni masta silinda yenye kipenyo cha milimita 22: pistoni yake ikisogea sentimita 3, inasukuma takriban mililita 11 za mafuta, basi. Hiyo ndiyo akiba yote iliyo chini ya mguu wa dereva. Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Hewa ya kijiko kimoja tu ikibaki kwenye mabomba, karibu nusu ya mwendo wa pedeli inakwenda kuibana hewa hiyo kabla pedi hazijaanza kuuma diski inavyotakiwa. Madereva wanaijua hali hii vizuri na wameipa majina: breki laini, breki ya chini, breki ya kupampu. Breki ikikanyagwa mara moja pedeli inazama, ikipampiwa mara tatu pedeli inapanda, na dereva anaendelea na kazi kwa imani kwamba ameshaijua tabia ya gari lake. Hakuna tabia hapo. Kila anapopampu anaijaza nafasi ambayo hewa imeila, na siku atakayohitaji kusimama kwa mkanyago mmoja, nafasi ya kupampu haitakuwepo.

Hewa iliyoingia wakati wa matengenezo angalau hujionyesha mapema. Inayotisha zaidi ni ile inayozaliwa ndani ya mafuta yenyewe. Mafuta ya breki tunayouziwa, DOT 3 na DOT 4, ni ya jamii ya glaikoli, na glaikoli hunyonya unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika. Unyevu hupitia kwenye tundu la kupumulia la kifuniko, hupitia kwenye mipira, taratibu, mwezi kwa mwezi, hata kama gari haliguswi. Herufi zile DOT ni za Idara ya Uchukuzi ya Marekani, na kiwango chao kinasema wazi: DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, DOT 4 chini ya 230. Zikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kinachotakiwa kinashuka hadi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Nyuzi 65 zimepotea kwenye DOT 3 bila mtu kulegeza nati hata moja. Nasi tunaishi wapi? Maeneo ya Tukuyu hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, ukungu ukiwa juu ya magari asubuhi na jioni. Hapo mafuta ya breki hayakosi unyevu wa kunyonya.

Sasa liongezeeni gari hilo mlima. Coaster yenye uzito wa tani 5, kwa kila mita 100 za wima inazoshuka, hutoa joto linalotosha kuchemsha takriban lita 14 za maji ya bomba. Kutoka Isongole mpaka Kyela barabara hushuka zaidi ya mita 1,500. Mlima Kitonga nao, ukitoka upande wa Ilula kuteremkia Mahenge na Ruaha Mbuyuni, ni kona juu ya kona, na mguu hautoki kwenye pedeli kama dereva hakushika gia ya chini mapema. Sehemu ya joto hilo huchukuliwa na enjini, sehemu hupotea na upepo wa njiani, na linalobaki linaingia kwenye diski na drami, linapita kwenye pedi, linafika kwenye mafuta yaliyojaa ndani ya kalipa. Mafuta makavu yatavumilia. Yaliyolowa yatachemka, na mililita moja ya maji ikigeuka mvuke huwa zaidi ya mililita 1,600. Dereva anapoachia pedeli ili apumzishe breki, mgandamizo unashuka, mvuke unatanuka na kuyarudisha mafuta juu kwenye chupa yake. Akikanyaga tena anakuta anabana mvuke. Pedeli inakwenda mpaka sakafuni kama imekatwa. Hakuna bomba lililopasuka wala mpira uliotoboka, na mafuta hayajavuja.

Hapa ndipo naomba mnisome kwa utulivu zaidi. Mvuke huo ukipoa hurudi kuwa maji, na maji hurudi ndani ya mafuta. Saa moja baadaye pedeli iko juu, ngumu, kama ya gari zima. Mkaguzi anafika eneo la ajali, anakanyaga, breki inashika. Anaangalia chini, hakuna uvujaji. Anafungua chupa, mafuta yako kwenye mstari. Kwa ushahidi huo, mtu yeyote mwaminifu angeandika kwamba mfumo wa breki ulikuwa mzima, na dereva anayeapa kwamba alikanyaga asipate kitu anaonekana mwongo anayejitetea. Anashtakiwa kwa uzembe. Gari linanyooshwa bodi, linapakwa rangi, linarudi barabarani na mafuta yale yale. Ninyi hamkukosea katika mlichokiona. Mlichokiona ndicho kilichokuwepo wakati huo. Ila breki iliyopoa haitoi ushahidi juu ya breki iliyokuwa na moto.

Kwa hiyo “kufeli” si kitu kimoja, na taarifa zenu zingetusaidia sana kama zingetenganisha. Ipo breki inayofeli kwa sababu pedi zimepata moto mpaka hazishiki tena. Hapo pedeli hubaki ngumu na juu, lakini gari halipungui mwendo. Ipo inayofeli kwa kuvuja. Pedeli inazama na mafuta yanaonekana chini. Na ipo hii ya mvuke, pedeli inazama na hakuna kinachoonekana. Swali moja kwa dereva aliyenusurika, au kwa konda, linaweza kutenganisha ya kwanza na nyingine mbili: pedeli ilikuwa ngumu au ilizama? Jibu lake likiwekwa pamoja na sampuli ya mafuta, tutaanza kujua ni magari mangapi yanaangushwa na nini. Bila hivyo tutaendelea kuhesabu majeneza chini ya maneno yale yale mawili.

Nirudi gereji, maana huko ndiko jambo linakoanza. Kwa muda mrefu kutoa upepo kumehesabiwa kama nyongeza ya bure, kitu cha mwisho kinachofanywa baada ya kubadili pedi au raba za silinda, mwenye gari akiwa tayari ameshika funguo. Si nyongeza. Ni kazi kamili, na ubora wake uko kwenye mambo madogo sana. Fundi mmoja yuko chini ya gari, spana namba 10 imekaa kwenye niple ya kutolea upepo, bomba la plastiki linaloonekana ndani limevikwa kwenye niple hiyo na ncha yake ya pili imezama kwenye mafuta ndani ya chupa. Mwenzake yuko kwenye usukani. “Kanyaga.” Pedeli inashuka na kushikiliwa. Niple inafunguliwa robo mzunguko, mafuta yanatoka na mapovu, niple inafungwa, na hapo tu ndipo inaitwa “Achia.” Kazi yote imo katika mfuatano huo. Aliye juu akiachia kabla aliye chini hajafunga, na kama lile bomba halipo au ncha yake iko nje ya mafuta, gari linavuta hewa kwa niple ile ile iliyofunguliwa kuitoa, na hesabu inaanza upya. Chupa ya juu ikiachwa ikauka kwa sababu kila mtu anatazama magurudumu, hewa inaingia kutokea masta silinda, tena nyingi kuliko ile ya mwanzo.

Kuna pia mpangilio wa magurudumu. Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya magari ya usukani wa kushoto huelekeza kuanza nyuma kulia, kwa kuwa ndiko mbali zaidi na masta silinda. Magari yetu yana usukani kulia na masta silinda kwa kawaida iko upande huo huo, kwa hiyo gurudumu la mbali ni la nyuma kushoto, isipokuwa mtengenezaji ameelekeza vingine, kama ilivyo kwa baadhi ya magari yenye ABS. Baadhi ya pikapu zina vali ya kupima mzigo karibu na ekseli ya nyuma, nayo ina niple yake. Ikisahaulika, hewa inabaki hapo na magurudumu yote manne yataonekana yametolewa upepo vizuri. Kuna kosa jingine dogo ambalo linaweza kummalizia fundi siku nzima: kalipa za kushoto na kulia zikibadilishana upande wakati wa kufunga, niple inakaa chini badala ya juu. Hewa hupanda. Unaweza kumaliza lita mbili za mafuta kupitia niple iliyoko chini, na lile povu la juu likakutazama tu. Kwenye gari la zamani, kuzamisha pedeli mpaka sakafuni wakati wa kazi hii nako kuna hasara yake. Raba za masta silinda hupelekwa kwenye sehemu ambayo hazijawahi kufika, yenye kutu na uchafu, zikachanika. Gari lililokuja na hewa kidogo linaondoka na masta silinda mbovu.

Jambo la mafuta yenyewe nalitaja kwa ufupi kwa kuwa linajulikana, ingawa halifuatwi. Mafuta yaliyotolewa hayarudishwi kwenye chupa hata yakionekana masafi. Mafuta yaliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa na kuachwa juu ya meza ya gereji yanalowa hapo hapo mezani. Oili ya gia au ya haidroliki ikitumika kuongezea pale mafuta ya breki yalipoisha, raba huvimba na kushikilia breki au kuachia kabisa. Rangi pia isiwadanganye: mafuta meusi yanaweza kuwa bado na nguvu, na yanayong’aa kama asali yakawa yameshalowa.

Klachi inaingiaje katika barua ya breki? Inaingia kwa sababu, mteremkoni, klachi ni sehemu ya breki. Mlinzi wa kwanza wa gari linaloshuka ni gia ya chini, na kwenye magari mengi ya gia za mkono klachi nayo husukumwa na mafuta yale yale ya breki, yanayonyonya unyevu ule ule. Klachi ikiwa na hewa haiachii yote. Gia zinalia, zinakataa kuingia. Mfikirieni dereva aliyeanza kushuka Kitonga na gia ya nne, akaona mwendo unazidi, akakanyaga klachi ili aingize ya tatu. Gia imetoka, nyingine haiingii. Kwa sekunde hizo gari liko nyutro juu ya mlima, enjini haishiki kitu, na mzigo wote umehamia kwenye breki. Akikosa mara mbili anaacha kujaribu na kubaki na pedeli. Tukisema baadaye kwamba alishuka nyutro kwa uzembe au kwa kubana mafuta, huenda tunamsema mtu aliyetafuta gia akanyimwa. Kutoa upepo kwenye klachi kuna ugumu wake, maana bomba lake mara nyingi hupanda na kushuka na hewa hujificha kwenye sehemu ya juu; mafundi wenye subira huyasukuma mafuta kutoka silinda ya chini kwenda juu, hewa ikafuata njia inayoipenda yenyewe. Hata hivyo ni nadra mno mtu kumuuliza mwenye gari klachi yake ilitolewa upepo lini.

Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika. Huko kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken, ambao kwa magari binafsi ya kawaida hurudiwa kila baada ya miaka 2, na gereji za huko zimezoea kubadili mafuta ya breki gari linapoandaliwa kwa ukaguzi huo. Maana yake gari lililozoea kupata mafuta mapya kila miaka 2 kwenye nchi yenye barabara nzuri linaletwa Mbeya, linapandishwa kazi ya kubeba watu mara mbili ya ilivyokusudiwa, linapewa milima na ukungu, halafu haki hiyo linanyang’anywa. Huongezewa mafuta yakipungua, basi.

Wapo watakaosema kwamba kisa kikubwa cha ajali ni dereva: anakwenda kasi, amechoka, anashuka na breki badala ya gia, amepakia kupita kiasi. Siwapingi. Lakini dereva na mafuta hawashindani nani ana kosa. Dereva anayeshuka na breki ndiye anayeyapasha mafuta moto, na mafuta yaliyolowa ndiyo yanayomnyima nafasi ya kujirekebisha. Kosa lile lile, akilifanya na mafuta yanayovumilia nyuzi 205, anafika chini akiwa na harufu ya pedi zilizoungua na onyo la maisha. Akilifanya na mafuta ya nyuzi 140, hafiki. Madereva tumewaonya sana na tuendelee kuwaonya, ila onyo haliondoi maji kwenye mafuta.

Hoja ya gharama nayo haisimami. Kubadili mafuta yote ya breki na klachi ya Hiace ni chupa chache na saa moja au mbili za mafundi wawili. Tairi moja jipya linazidi gharama hiyo, na tairi lililokwisha tayari mnalikataa bila kumhurumia mtu. Pingamizi lenye uzito ni la watu wa kawaida, wenye magari na madereva, wanaohofia kwamba kila kipengele kipya cha ukaguzi kinakuwa mlango mpya wa kusumbuliwa na kudaiwa kitu kidogo. Hofu hiyo ni halali na mnaijua. Lakini angalieni tofauti ya kipimo hiki na macho. Mkaguzi akisema tairi “limechakaa” au breki “ni mbovu”, ni neno lake dhidi ya neno la dereva. Vipo vifaa vidogo vinavyochemsha mafuta kidogo ya sampuli na kuonyesha nyuzi ambazo yamechemkia. Namba inaonekana kwa wote wawili, inaandikwa, na dereva akiona ameonewa anaweza kwenda kupimiwa kwingine. Ipo pia kalamu ya bei nafuu inayopima unyevu kwa umeme. Hiyo usahihi wake ni mdogo na inategemea aina ya mafuta, hivyo itumike kuchagua magari ya kupimwa zaidi, isitumike kumkatalia mtu. Namba huziba mianya ya rushwa kuliko inavyoifungua, mradi iandikwe mbele ya mwenye gari.

Wapo pia mafundi watakaosema tunataka kuwafungia riziki vijana wa gereji za mitaani. Sivyo. Kifaa cha kutoa upepo si mashine ya mamilioni. Ni bomba la plastiki, chupa, spana na utaratibu. Kijana wa Mwanjelwa au Ipogolo anaweza kuifanya kazi hii sawasawa na gereji kubwa, akielekezwa na akilipwa kama fundi aliyefanya kazi, asiambiwe “malizia hapo fasta”. Vyuo vya VETA viko Mbeya na viko Iringa. Kozi fupi ya siku chache juu ya breki na klachi za mafuta, kwa mafundi walio kazini tayari, ingewafikia watu wale wale mnaowalalamikia.

Ninachoomba kinatekelezeka. Gari lolote la abiria lenye breki za mafuta, linapoletwa kwa ukaguzi, pedeli yake ikanyagwe na kushikiliwa kwa dakika nzima enjini ikiwa inaunguruma, ionekane kama inazama au kama inahitaji kupampiwa. Na mafuta yake yapimwe joto la kuchemka. Napendekeza gari ambalo mafuta yake hayafikii nyuzi 180 lirudi gereji, kwa kuwa chini ya hapo, kwa milima yetu, akiba imekuwa ndogo mno. Mwenye gari awe na karatasi ya gereji yenye tarehe ya kubadili mafuta ya breki na klachi, aina iliyotumika na jina la fundi, na karatasi hiyo isizidi miaka 2. Kwa magari ya Rungwe na Kyela ningesema mwaka 1. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), ambao nawapelekea nakala ya barua hii, tayari wanafuatilia mwendo wa mabasi kwa mfumo wa VTS wakiwa ofisini. Taasisi iliyoweza hilo haiwezi kushindwa kudai tarehe moja kabla ya kutoa leseni ya usafirishaji.

Na kuhusu ajali, ombi langu ni la haraka kuliko yote, kwa sababu halisubiri kanuni mpya wala bajeti. Likitokea gari lenye breki za mafuta ambalo dereva wake anasema breki zilifeli, mwulizeni kama pedeli ilikuwa ngumu au ilizama, na mwandike jibu lake kwa maneno yake. Kisha, kabla gari halijavutwa kupelekwa kituoni na kabla mtu yeyote hajaongeza kitu kwenye chupa, fungueni niple ya gurudumu la nyuma na ya gurudumu la mbele, chukueni mafuta ya kila moja kwenye chupa safi iliyokauka, funikeni mara moja, na juu yake muandike namba ya gari, saa na tarehe.